Kilengeo cha kujitengenezea kwa skopu iliyopinda shingo

Maji yametoka, ndege wamejaa kwenye tope pale Salenda, Dar, na yule unayemtaka umeshamwona kwa macho yako mwenyewe, mweupe mgongo mweusi, miguu mirefu, anakimbiza kaa. Unainama kwenye skopu, ile darubini ya jicho moja inayokaa kwenye stendi, unaona tope. Unasogeza kidogo, tope. Unasogeza tena, maji, halafu nguzo, halafu mgongo wa mvuvi, halafu tope lingine ambalo huna uhakika kama ni lile la kwanza au jipya. Ukiinua kichwa ndege hayupo.

Mimi hii imenitesa karibu mwaka mzima. Kuna mzee mmoja huwa anachimba chambo pale, siku moja kaniangalia weee mwisho akanifuata. "Kijana, unapima barabara?" Nikamwambia shikamoo mzee, hapana, natafuta ndege. "Marahaba. Ndege gani?" Nikamweleza. Akanyoosha kidole, "Si yule pale?" Namwona mzee, shida ni kumpata humu ndani. Alicheka mpaka akakalia ndoo yake.

Sasa kabla hujasema skopu yako mbovu, elewa kwanza tatizo liko wapi. Skopu iliyonyooka unachungulia kuelekea kule kule ndege aliko, ukiinua kichwa kidogo tu unaona bomba linaelekea wapi. Hii iliyopinda nyuzi (digrii) 45 wewe unaangalia chini kwenye jicho la skopu wakati ndege yuko mbele yako, kwahiyo mwili wako wote unadanganywa, shingo inaelekea huku na bomba linaelekea kule. Na hilo tundu la kuonea ni dogo kuliko unavyodhani. Nyoosha mkono mbele yako, inua kidole gumba, upana wa kile kidole ni kama nyuzi 2, na skopu nyingi za zumu ya kukuza mara 20 mpaka 60 ukiwa kwenye 20 zinaonyesha eneo la ukubwa huo huo. Ukipandisha mpaka 60 unabaki na kama nyuzi 1, yaani kidole cha mwisho. Kwa umbali wa mita 300 hiyo ni duara la mita 10 hivi kwenye 20 na mita 5 kwenye 60. Ufukwe mzima, duara la mita 5, na unalitafuta bila kujua umeanzia wapi.

Kwanini basi tusinunue zilizonyooka? Kwasababu iliyopinda ni tamu kwa mambo mengine yote, stendi unaiweka chini haitikisiki na upepo, watu warefu na wafupi wanachungulia bila kuigusa, ndege akiwa juu ya mti huvunji shingo. Kwahiyo tunabaki nayo ila tunaiongezea kilengeo, yaani ncha mbili za kulengea juu ya bomba, na gharama yake ni ndogo kuliko chipsi mayai.

VITU VYA KUTAFUTA

Kebo tai, zile kamba za plastiki zenye meno ambazo mafundi umeme wanafungia waya, duka lolote la vifaa vya umeme zipo. Chukua zenye upana wa milimita 4.8 hivi, zile nyembamba sana zinayumba zikisimama. Urefu ndio watu wengi wanakosea, skopu yenye lensi ya milimita 80 bomba lake kwa nje linafika sentimita 9 na nusu hivi, zungusha hiyo unapata sentimita 30, na bado unahitaji mkia wa kubaki, kwahiyo kebo tai ya sentimita 30 haikutoshi, omba ya 37 au zaidi. Ukikosa unaunganisha mbili, mkia wa moja unapita kwenye kichwa cha nyingine, haina shida. Chukua nyeusi, nyeupe zinachakaa haraka juani.

Kipande cha tyubu ya baiskeli, omba kwa fundi, hata hela hachukui. Kikata kucha. Rangi ya kucha nyeupe au ile wino nyeupe ya kufutia makosa shuleni. Gundi sio lazima. Basi.

Na muda ambao sio wa ndege. Usifanye hii kazi siku ya safari huku wenzako wanakusubiri, fanya nyumbani jioni au juu ya ghorofa ya rafiki yako, ilimradi unaona mbali.

HATUA ZENYEWE

Kwanza kabisa ichunguze skopu yako, jua kipi kinazunguka na kipi hakizunguki. Skopu nyingi fokasi ni pete kubwa katikati ya bomba, ukifunga kebo tai juu ya hiyo pete umejimaliza, kila ukifokasi kilengeo kinazunguka nayo. Mimi nilifunga pale mara ya kwanza na nikakaa nusu saa nalaumu stendi. Angalia na ile kola ya chini inayoshika stendi, ile yenye skrubu ya kulegeza ili uzungushe skopu ubavu, usifunge juu yake. Ila habari njema, ukishafunga kwenye mwili wa skopu wenyewe unaweza kuizungusha ndani ya kola utakavyo, kilengeo kinazunguka na bomba na bado kinaelekea kule kule. Kofia ya jua ya mbele, ile ya kuvuta nje, unaweza kufunga juu yake kama haichezi, na uwe na kawaida ya kuivuta mpaka mwisho kila mara, leo nusu kesho yote haikubali. Kama inacheza funga nyuma yake kwenye bomba.

Halafu chagua upande. Watu wote wanaanza juu katikati kwasababu ndiko kunakoonekana kwa akili, ila kwenye skopu iliyopinda jicho la skopu limesimama pale pale juu linakuziba. Nenda ubavuni kidogo, chukulia ni uso wa saa, namba 12 iko juu, basi weka kwenye namba 10 au namba 2. Upande gani? Simama kama unavyosimama siku zote, chungulia, halafu telezesha kichwa pembeni bila kusogeza miguu, upande ule ambao kichwa kinaenda chenyewe ndio wako. Mimi nachungulia kwa jicho la kulia na nimeweka kushoto, kuna mwenzangu kaweka kulia na yuko freshi.

Sasa kata vipande viwili vya tyubu, upana kama kidole, vizungushe pale unapotaka kufunga. Hii inafanya mambo mawili, kebo tai haikwaruzi rangi na haitelezi. Kama skopu yako ina lile koti la kitambaa kinene, livue, juu ya koti kila kitu kinateleza, ukishamaliza unalikata tundu dogo mkia utokeze.

Funga kebo tai mbili, moja nyuma kadri unavyoweza karibu na pale bomba linapoanza kupinda, moja mbele kadri unavyoweza. Zikaze kiasi tu, ziweze kuzunguka ukisukuma kwa dole gumba lakini zisianguke. Mikia yote iache mirefu imesimama. Huo umbali kati ya mbele na nyuma ndio siri ya kazi nzima na nitaeleza kwanini: kama ncha zako ziko sentimita 25 kutoka moja hadi nyingine na ukakosea milimita 1, umekosea kama robo ya digrii, ndege bado yumo ndani. Ukizibana ziwe sentimita 10 kosa la milimita 2 tu ni zaidi ya digrii moja, na hapo ndege ameshatoka nje ya duara hata kwenye 20. Ndio maana wale wanaoweka kamkia kamoja tu mbele na kukisia pa kuweka jicho wanapata leo wanakosa kesho. Inafanya kazi kama una shingo ya mashine.

Sasa kupima, na hapa usiwe na haraka. Tafuta kitu kilichotulia kilichoko mbali, mita 300 au zaidi, chenye ncha au kadoa. Ile taa nyekundu juu ya mnara wa simu ni nzuri sana, au kichwa cha mnazi kama hakuna upepo. Sio dirisha la mtu tafadhali, na sio jengo lenye bendera na walinzi, unajua maswali yake. Kwanini mbali? Kwasababu kilengeo kiko pembeni ya lensi kwa sentimita 5 au 6 au zaidi, na hiyo tofauti kwa kitu kilicho mita 10 inakuchanganya kabisa, lakini kwa mita 300 sentimita 6 ni nini, hata kunguru ni mkubwa kuliko hiyo.

Weka zumu kwenye 20, kiweke kile kitu katikati, panda mpaka 60, kiweke katikati tena sawasawa, kaza stendi. Subiri. Vichwa vingi vya stendi za bei rahisi ukikaza vinashuka kidogo baada ya sekunde chache, hasa skopu nzito, chungulia tena kama bado kiko katikati. Kama kimeshuka anza juu kidogo ili kikishuka kiingie chenyewe. Usiendelee mpaka uwe umechungulia mara tatu na kiko pale pale.

Halafu bila kugusa skopu, rudisha kichwa nyuma kama urefu wa mkono, fumba jicho moja, tazama kwenye ule mkia wa nyuma mpaka wa mbele. Anza na kushoto kulia: zungusha kebo tai ya mbele kwa kidole taratibu mpaka ncha ya nyuma, ncha ya mbele na taa ya mnara vinasimama mstari mmoja. Kaza kidogo. Sasa urefu. Hapa kumbuka mbele ya skopu ni nene kuliko nyuma, kwahiyo mkia wa nyuma lazima ubaki mrefu kuliko wa mbele ili mstari wa ncha uende sambamba na bomba. Mimi nyuma niliacha kama sentimita 3 na nikapunguza ya mbele. Tumia kikata kucha, milimita kwa milimita, kata tazama, kata tazama, mpaka ncha zote zinagusa ile taa kwa chini kama vile taa imekalia juu ya sindano. Kinyozi akishakunyoa nywele hairudishi, na mkia ni hivyo hivyo, ukizidisha fungua anza na kebo tai nyingine, si ndio maana ulinunua pakiti.

Kila baada ya kukata rudi kwenye jicho la skopu uhakikishe taa bado iko katikati kwasababu mkono wako umegusa bomba, hata kama unaapa haujagusa.

Ikikaa sawa kaza zote mpaka mwisho, hakikisha tena (kukaza huwa kunazungusha kidogo, irudishe), halafu kama unataka dondoshea tone la gundi kwenye kichwa cha kebo tai na sio kwenye skopu. Mimi sikuweka gundi. Paka ncha ya mbele rangi nyeupe, ncha ya nyuma iache nyeusi. Hii sio urembo, ukitazama bahari inayong'aa ncha nyeusi inaonekana vizuri, ukitazama mikoko yenye giza ncha nyeupe ndio inaonekana, ukiwa na rangi mbili tofauti jicho linajua ipi ya mbele ipi ya nyuma bila kufikiri. Rangi ya kucha niliomba kwa dada yangu akaniuliza naipeleka wapi, nikamwambia kwa ndege, hajauliza tena.

KUITUMIA

Kuwa na kilengeo hakutoshi kama mengine hujayapanga. Zumu iwe chini kwenye 20 kabla hujalenga, hii naisema mara elfu na kila nikienda na vijana kuna mmoja ameiacha kwenye 60 tangu ndege aliyepita. Fokasi pia, kama mara ya mwisho uliangalia shakwe karibu na miguu yako halafu unalenga kitu cha mita 400, unaweza ukapita juu yake vizuri kabisa na usione chochote zaidi ya ukungu. Kwahiyo kwanza fokasi kwenye kitu chochote kilicho umbali kama wa ndege, mtumbwi, kigingi, halafu lenga.

Mtazame ndege kwa macho, usimwachie, sogeza skopu mpaka ncha mbili zimkalie, kaza, ndio uiname. Kama hayumo, usianze kuzungusha ovyo kama feni. Tafuta kitu kikubwa ulichokiona karibu naye, jiwe, mzizi wa mkoko, halafu tembea kutoka pale. Ukifanya mara kumi utaona mara nane yumo ndani moja kwa moja, na zile mbili zilizobaki yuko pembezoni. Kama kila mara anakuwa pembezoni upande ule ule basi kilengeo kimesogea, rudi kwenye mnara.

Kwa wale wanaopiga picha kwa simu kwenye jicho la skopu hii ni muhimu mara mbili, simu ikishafungwa pale huwezi tena kuchungulia kawaida na kioo cha simu juani hakionekani, unalenga kwa ncha ukiangalia simu kuthibitisha tu.

Na kwa wa Dar, nenda jioni. Bahari yetu iko mashariki, asubuhi jua linakupiga usoni na ndege wote ni vivuli, alasiri liko mgongoni na hata ncha za kilengeo zinaonekana safi. Angalia na maji, siku za bamvua yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3 na yakitoka yanaenda mbali sana na ndege wanayafuata, unaweza kukuta wamegeuka nukta, siku za maji mafu wanabaki karibu. Mimi nafika maji yakiwa yanaanza kujaa, yanawasukuma wenyewe kuja kwako. Kuanzia Agosti, Septemba mpaka Aprili ndio wale wageni wa kaskazini wanakuwepo, sululu na vitwitwi wa kila aina, na huyo mla kaa mwenyewe ambaye anatokea kuzalia pwani za Uarabuni na pembe ya Afrika huko, anachimba shimo kwenye mchanga anataga ndani. Watu wa Kenya wanamtazamia Mida karibu na Watamu, pale kuna daraja la mbao mpaka ndani ya mikoko, kilengeo kinafanya kazi hata pale ila daraja linatikisika mtu akipita, lenga akishapita.

KAMA HUNA KEBO TAI

Mrija wa soda. Ubandike ubavuni kwa tepu nyeusi ya umeme, uelekee sawa na bomba, unachungulia ndani yake kama bunduki ya kitoto. Hesabu yake ni nzuri ajabu, mrija wa milimita 6 wenye urefu wa sentimita 20 unakuonyesha duara la nyuzi 1.7 hivi, yaani karibu sawa na skopu yenyewe kwenye 20, kwahiyo ukimwona ndege ndani ya mrija yumo ndani ya skopu pia. Kuupima ni vile vile, taa ya mnara katikati ya skopu, halafu unaupindisha mrija kwa kuweka karatasi iliyokunjwa chini ya ncha moja mpaka taa iko katikati ya mrija. Ubaya wake ni kwamba lazima jicho liende mpaka kwenye mdomo wa mrija, jioni ndani kunakuwa giza, mirija ya karatasi ikinyeshewa inalegea, na ukiiacha skopu stoo wiki mbili nyigu wa tope anakuzibia. Imenitokea. Bomba la kalamu iliyoisha linadumu zaidi, ila moyo wangu uko kwenye kebo tai.

Wengine watakwambia nunua ile ya nukta nyekundu ya bunduki ya upepo. Inafanya kazi, sikatai, lakini betri inaisha, na mimi sitaki kupita getini na kitu kinachofanana na kifaa cha bunduki kimefungwa kwenye bomba refu jeusi. Maelezo yatakuwa mengi. Na kalamu ya leza ndio kabisa usithubutu, ndani ya mji wenye ndege za abiria zinazotua na watu wanaotembea ufukweni, macho ya watu sio ya kuchezea.

KUHUSU MWEZI

Nimeulizwa sana hii wakati wa kutafuta mwezi mwandamo, kama kilengeo kinasaidia. Kinasaidia, tena hapo ndipo utakipenda, kwasababu mwezi wa siku ya kwanza ni uzi tu, uko chini, na angani hakuna jiwe wala kigingi cha kuanzia. Lakini sheria moja haina mjadala: jua liwe limezama LOTE kabla skopu haijaelekea magharibi. Sio nusu, sio limejificha kwenye wingu. Jua kwenye lensi ya milimita 80 sekunde moja tu inatosha kukupofua. Ukitaka kupanga stendi mapema ielekeze kwingine na ufunike lensi.

Fokasi kabla kwenye mnara wa mbali kabisa au nyota, halafu usiguse pete tena, uzi ule ukiwa nje ya fokasi unayeyuka kabisa kwenye mwanga wa magharibi. Tafuta kwanza na darubini ya macho mawili, ukiupata weka ncha zote mbili juu yake, zumu 20, inama. Mwezi kwa upana ni nusu digrii kwahiyo duara lako linaweza kubeba miezi minne kwa mstari, nafasi unayo ya kutosha. Dar kuipata magharibi iliyo wazi ni shida, panda ghorofani, wenzetu wa Unguja upande wa mjini wana bahari yote mbele yao. Kama kuuona kwa chombo kunahesabika au hakuhesabiki muulizeni shehe wenu, mimi hapa naongelea kulenga tu.

KUTUNZA

Ukiiweka skopu kwenye begi mkia wa nyuma ndio unaoumia, unapinda. Kata kipande cha mrija au chupa ya plastiki uuvalishe kama kofia, au uweke begi hiyo sehemu ikiangalia juu, na ukipanda bodaboda usilalie begi. Jua la pwani linaifanya kebo tai iwe kavu ikatike ghafla kama kijiti, mimi nabadilisha kila baada ya msimu wa wageni kuisha, na mbili za akiba ziko kwenye mfuko mdogo wa begi pamoja na kikata kucha. Kila ukifika sehemu, kabla ya kutafuta ndege, lenga mnara wowote uchungulie, dakika moja, kama taa iko katikati endelea, kama haipo sukuma ncha ya mbele kwa dole gumba mpaka irudi. Yule mzee wa chambo siku hizi ndiye ananionyesha ndege kwa kidole na mimi nampata kabla hajashusha mkono, halafu anasogea kuchungulia, ananiambia kijana hii yako imepinda, bei yake ulipunguziwa?